Uzushi Una Safari Yake: Mwongozo Kamili wa Kuzitambua Tovuti za Itikadi Kali

Kwa miaka mingi, mwanafunzi aliyeandika jina la Martin Luther King kwenye Google alikuta miongoni mwa majibu ya mwanzo tovuti iitwayo martinlutherking.org. Anwani ilionekana safi, na ukurasa ulifanana na wa shule. Kulikuwa na chemshabongo, vipeperushi vya kuchapisha na kuwagawia wenzake, na ahadi ya kumfunulia historia ya kweli. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, paliandikwa jina la mwenye nyumba: Stormfront. Hiyo ni tovuti ya wazungu wabaguzi iliyoanzishwa mwaka 1995 na Don Black, aliyewahi kuwa kiongozi katika Ku Klux Klan, kundi la Marekani la wazungu wanaowachukia weusi. Mtoto alitumwa akatafute habari za mpigania haki, akarudi na kashfa zilizotungwa na maadui wa mpigania haki huyo, naye akidhani amefanya utafiti.

Nimeanza na tovuti hiyo kwa sababu wengi wetu tunaamini kwamba tovuti ya itikadi kali utaijua kwa macho: mafuvu, bendera za vita, matusi. Za namna hiyo zipo, lakini anayeingia humo anajua alikoingia. Zinazonitia hofu ni zile zilizovaa sare ya shule, koti la daktari au tai ya mtangazaji wa habari. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtandaoni kibaya kimejifunza kujitembeza kwa jina la chema.

Mwongozo huu umejengwa juu ya badiliko moja la mazoea. Tukipokea habari ya kushtua, swali letu la kwanza huwa "Je, ni kweli?" Swali hilo ni zuri, ila likija kwanza linatufungia ndani ya uwanja wa mzushi, tukianza kubishana na hoja alizotuchagulia yeye. Anza na mengine mawili: hii imenifikiaje, na inataka kunipeleka wapi? Kila uzushi una mahali ulikotungwa, vituo ulikopumzika na kubadilisha nguo, na mwisho wa safari ambao mara nyingi msambazaji mwenyewe haujui.

Kwanza: njama za kweli zipo

Ukimwambia mtu kwamba njama ni hadithi tupu, umeshampoteza, kwa sababu anajua si kweli. Kuanzia 1932 hadi 1972, idara ya afya ya umma ya Marekani iliwaacha mamia ya wanaume weusi wa Tuskegee, Alabama, wakiugua kaswende bila kuwatibu, ili tu ione ugonjwa unavyokwenda. Hiyo ilikuwa njama, na tovuti za itikadi kali hupenda sana kuitaja.

Lakini tazama ilivyofichuliwa. Mfanyakazi wa idara hiyo alilalamika ndani kwa miaka, kisha akapeleka habari kwa waandishi. Shirika la habari la Associated Press likathibitisha na kuchapisha, serikali ikabanwa, majaribio yakasimama. Tuhuma zilikuwa na mipaka: idara hii, mahali hapa, watu hawa, kwa muda huu. Nadharia ya njama haina mipaka hiyo. Kila siku inaongeza washiriki, na ushahidi ukikosekana, kukosekana kwenyewe kunageuzwa kuwa ushahidi: "Unaona wanavyoficha?" Dai ambalo hakuna jambo lolote duniani linaloweza kulikanusha halijachunguzwa na mtu. Limekwepeshwa uchunguzi.

Hatua ya 1: Moyo ukichemka, weka simu chini

Mwaka 2018 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofuatilia habari zipatazo 126,000 zilizosambaa Twitter kati ya 2006 na 2017. Habari za uongo zilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusambazwa, kwa asilimia 70, kuliko za kweli. Waliofanya tofauti hiyo hawakuwa roboti, walikuwa watu. Uongo ulikuwa mpya masikioni, ukaamsha mshangao na karaha, na vidole vikafuata.

Basi hasira, hofu na ile raha ya kujua siri uzichukulie kama kengele. Jiulize: ujumbe huu umeniomba nifanye nini? Ukikuta maneno kama "sambaza kabla hawajaifuta", hapo ndipo pa kusimama. Hata mambo ya dharura yanaweza kungoja dakika tano.

Hatua ya 2: Toka nje ya ukurasa

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo ngumu kuizoea, maana shuleni tulifundishwa kinyume chake: soma kwa makini hadi mwisho, kisha uamue. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, waliwapa watu 45 tovuti za kutathmini. Walikuwa wanahistoria 10, wahakiki habari 10 na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Wanahistoria na wanafunzi walibaki ndani ya ukurasa, wakitazama nembo, marejeo na ufasaha wa lugha, na wengi wao walidanganyika. Wahakiki habari walikaa hapo sekunde chache tu, wakafungua vichupo (tab) vipya na kwenda kutafuta wengine wanasema nini kuhusu tovuti ile. Walifika kwenye jibu sahihi haraka zaidi, tena kwa kusoma kidogo zaidi.

Kwa vitendo, nakili jina la tovuti au la taasisi inayodai kuimiliki. Fungua kichupo kipya, liandike jina ndani ya alama za kunukuu, kisha ongeza alama ya kutoa, neno "site", nukta mbili na anwani yenyewe, yote bila nafasi, mfano: "jina la taasisi" -site:anwani.org. Hapo unaiambia injini ya kutafutia: nionyeshe yanayosemwa kuhusu hawa, lakini si na wao wenyewe. Soma majibu matano sita kabla ya kubofya lolote. Angalia pia Wikipedia, hasa orodha ya marejeo iliyo chini yake, kisha wahakiki habari waliosaini kanuni za mtandao wa kimataifa wa wahakiki, IFCN. Ukikuta wanaosifu taasisi hiyo ni tovuti zinazofanana nayo tu, na hakuna chombo chochote kinachowajibika kwa makosa yake kinachoitambua, umeshapata jibu lako.

Kuhusu "kuwajibika kwa makosa" nieleze kidogo, kwa sababu watu huniambia kwamba hata magazeti makubwa hukosea. Hukosea kweli. Tofauti ni kwamba unaweza kuliona gazeti likijisahihisha hadharani, jina la mhariri linajulikana, na anayekashifiwa anajua pa kulipeleka mahakamani. Tafuta ukurasa wa masahihisho. Tovuti ambayo haijawahi kukosea hata mara moja kwa miaka kumi haijawahi kujichunguza.

Hatua ya 3: Soma anwani herufi kwa herufi

Mwaka 2022 watafiti wa Ulaya walifichua kampeni ya Kirusi iliyopewa jina Doppelganger. Waliohusika walinakili sura yote ya magazeti kama Der Spiegel, Le Monde na The Guardian, wakaweka ndani makala za kutunga. Rangi na nembo zilikuwa zilezile, na hata viungo vya pembeni viliweza kukupeleka kwenye gazeti halisi. Kilichotofautiana ni mkia wa anwani, kwa mfano .ltd mahali pa .de.

Usitegemee viungo vinavyoletwa na watu. Andika mwenyewe anwani ya gazeti na uitafute makala hiyo humo. Isipokuwepo, haikuandikwa nao. Kwa tovuti usiyoifahamu, huduma za WHOIS zitakuonyesha lini jina lake lilisajiliwa, na Wayback Machine itakuonyesha ilivyokuwa zamani. Na mwisho wa .org hauna heshima yoyote ya pekee. Mtu yeyote anaweza kuununua.

Hatua ya 4: Panda mto hadi kwenye chanzo

Uzushi uliopikwa vizuri haukujii moja kwa moja kutoka kwa mpishi. Hupitishwa mikononi mwa wengi, na kila mkono unaufuta alama ya mkono uliotangulia. Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoujua ni wa kabla ya intaneti, na nauchagua kwa sababu safari yake yote imeshajulikana.

Julai 1983, gazeti la Patriot la New Delhi lilichapisha barua ya mtu asiyetajwa jina, aliyejiita mwanasayansi wa Marekani, akidai kwamba virusi vya UKIMWI vilitengenezwa na jeshi la nchi hiyo. Barua ilikaa kimya miaka miwili. Mwaka 1985 gazeti la Kisovieti Literaturnaya Gazeta likaandika habari hiyo, likitaja chanzo: gazeti la India. Kisha mwanasayansi wa Ujerumani Mashariki akaipa sura ya kitaaluma. Kufikia 1987 dai lilikuwa limefika katika nchi zaidi ya 80, na kila mwandishi aliweza kusema kwa moyo safi kwamba anamnukuu mwingine. Mwaka 1992 mkuu wa ujasusi wa nje wa Urusi, Yevgeny Primakov, alikiri kwamba idara yao ndiyo iliyokuwa nyuma ya jambo hilo.

Tovuti za itikadi kali zimeurithi mtambo huo na kuuongezea kasi. Dai huzaliwa kwenye jukwaa la watu wasio na majina, kama 4chan. Tovuti ndogo inaandika kwamba "watumiaji wa mtandao wamegundua". Tovuti kubwa kidogo inaitaja ile ndogo. Mtu maarufu anauliza, "Mbona vyombo vya habari vimenyamaza?" Chombo cha habari kinachoheshimika kinalazimika kukanusha, na kichwa cha habari cha kukanusha kinalifikisha dai kwa watu ambao wasingelisikia kamwe. Safari hiyo iliyochukua miaka katika enzi ya magazeti sasa inakamilika kabla jua halijazama.

Kuipanda, bofya kila kiungo kinachodaiwa kuwa chanzo, kisha chanzo cha chanzo. Mara nyingi utakuta moja kati ya mambo matatu. Vyanzo vinazunguka, A anamtaja B na B anamtaja A. Au kuna utafiti wa kweli unaosema jambo jingine kabisa. Au mkondo unaishia kwa mtu asiye na jina. Usiridhike na wingi wa tovuti zinazosema jambo moja, kwa sababu kumi zilizonakili moja ni shahidi mmoja. Ile methali ya "lisemwalo lipo, kama halipo laja" ilizaliwa pale ambapo msemaji alifahamika kwa sura na kwao. Mtandaoni mtu mmoja anasema kwa midomo elfu, nasi akili zetu zina udhaifu uliothibitishwa tangu 1977: sentensi tuliyoisikia mara nyingi huonekana ya kweli zaidi, hata ikiwa ya uongo.

Hatua ya 5: Picha na video

Hapa ni haraka. Pitisha picha kwenye Google Lens, TinEye au Yandex na utafute mara ya kwanza ilipotokea. Picha nyingi za uzushi ni za kweli kabisa, ila ni za mwaka mwingine na nchi nyingine. Kwa video, piga picha ya skrini ya sehemu tatu nne tofauti na kuzitafuta kila moja, au tumia InVID inayofanya kazi hiyo ndani ya kivinjari. Ikiwa ni kipande cha hotuba, tafuta hotuba nzima usikilize dakika moja kabla na moja baada ya kipande hicho.

Hatua ya 6: Chunga maneno unayoyatafuta

"Usiniamini mimi, katafute mwenyewe." Sentensi hii inasikika kama heshima kwa akili yako. Mara nyingi ni mtego, kwa sababu aliyeisema ameshakupa maneno ya kutafuta, na upande wa pili wa maneno hayo anakungoja yeye mwenyewe. Watafiti huita hali hii pengo la data: maneno ambayo hakuna mtu wa kawaida anayeyaandika, hivyo injini ya kutafutia haina cha kuonyesha ila kurasa za walioyabuni.

Kijana aliyewaua waumini 9 katika kanisa la Emanuel, Charleston, tarehe 17 Juni 2015, aliandika mwenyewe safari yake ilipoanzia. Alitafuta Google kwa maneno yaliyokwisha kubeba jibu, kuhusu uhalifu wa weusi dhidi ya wazungu, na tovuti ya kwanza aliyoifikia ilikuwa ya shirika la wabaguzi. Alikwenda na swali. Kila mara ninapolifikiria hilo huumia, kwa sababu kati ya swali lile na mauaji yale palikuwa na nafasi nyingi ambapo jibu jingine lingeweza kutangulia.

Kwa hiyo geuza maneno kabla ya kutafuta. Ondoa yanayohukumu, weka yanayouliza. Mahali pa "ukweli uliofichwa kuhusu chanjo", andika "usalama wa chanjo utafiti". Jaribu na maneno ambayo mpinzani wa dai angeyatumia. Majibu yakibadilika kabisa, jua kwamba maneno yako ya mwanzo yalikuwa yameshachagua njia.

Hatua ya 7: Itambue ngazi, na ujue umesimama kipandio gani

Hakuna anayeingia na kuambiwa siku ya kwanza amchukie jirani yake. Kipandio cha kwanza mara nyingi ni utani. Mwaka 2017 ulivuja mwongozo wa waandishi wa Daily Stormer, tovuti ya Wanazi mamboleo, ulioelekeza kwamba msomaji mgeni asiweze kujua kama wanatania au la. Anayekasirika anaambiwa hana ucheshi, naye anayecheka anazoea. Kipandio cha pili ni swali: "nauliza tu." Cha tatu ni madhila ya kweli, kama kukosa kazi, kuonewa au kufiwa, ambayo sasa yanapewa mhusika mmoja. Cha nne ni jina la adui, ambalo mwanzoni linafichwa kwa vifumbo na alama ambazo wenyeji tu wanazijua. Cha tano ni mwaliko wa chumba cha ndani, kituo cha Telegram au jukwaa lisilo na msimamizi, "ambako tunaweza kusema bila kufutwa". Ukialikwa huko, tayari umeshachaguliwa.

Na ukifika juu ya ngazi, hadithi utakayoikuta ni kuukuu. Kundi dogo linatawala kwa siri, linadhuru watoto, linataka kutufuta sisi. Hati bandia ya "Wazee wa Sayuni" ilianza kuchapishwa Urusi mwaka 1903, na mwaka 1921 gazeti la The Times la London lilionyesha kuwa imeibwa aya kwa aya kutoka maandishi ya Kifaransa ya 1864 ambayo hayakuwahusu Wayahudi hata kidogo. Bado inauzwa. Wazo la "ubadilishaji mkuu", kwamba wazungu wanafutwa kwa mpango, lilipewa jina hilo na Mfaransa Renaud Camus mwaka 2011. Tarehe 15 Machi 2019 mtu mmoja alilitumia kuwa kichwa cha waraka wake, akaweka kiungo kwenye jukwaa la 8chan, akaenda kuwaua Waislamu 51 katika misikiti ya Christchurch, New Zealand, huku akirusha tukio moja kwa moja Facebook. Ndani ya saa 24 Facebook iliondoa nakala milioni 1.5 za video hiyo.

Nakala zile zilipandishwa na watu. Wengine walifanya hivyo kwa kulaani.

Hatua ya 8: Fuata pesa

Si kila mzushi anaamini anachokisema. Mwaka 2016 vijana wa mji wa Veles, Makedonia Kaskazini ya leo, walifungua zaidi ya tovuti mia moja kuhusu siasa za Marekani kwa ajili ya mapato ya matangazo tu. Alex Jones, mtangazaji Mmarekani wa kipindi na tovuti ya Infowars, aliwaambia wasikilizaji wake kwamba mauaji ya watoto 20 na watu wazima 6 katika shule ya Sandy Hook, Desemba 2012, yalikuwa maigizo. Wazazi waliokuwa wakiomboleza wakasumbuliwa na kutishwa kwa miaka. Duka la tovuti hiyo lilikuwa likiuza virutubisho, yaani dawa ya hofu ambayo kipindi chenyewe kilikuwa kimeitengeneza. Oktoba 2022 baraza la mahakama Connecticut lilimwamuru awalipe waathirika dola milioni 965.

Tazama basi kinachouzwa pembeni mwa ukurasa: vidonge, dhahabu, chakula cha akiba, uanachama wa kila mwezi, michango ya sarafu za kidijitali. Kama tiba ya hatari inauzwa na yule anayekutangazia hatari, punguza imani yako kwa kiasi hicho.

Hatua ya 9: Ukishajua, fanya hivi

Usisambaze kiungo, hata kwa nia ya kukanusha. Kila anayebofya anaipa tovuti hesabu ya wageni na kuipandisha. Ukilazimika kuonyesha, tumia picha ya skrini na uchore juu yake neno UONGO kwa herufi kubwa zinazokatiza maandishi, ili isiweze kutumika tena bila onyo. Hifadhi ushahidi wenye tarehe, kisha ripoti kwa jukwaa husika. Ukiona mtu, jengo au siku vimetajwa kama shabaha, usijadiliane na mtu mtandaoni, peleka polisi. Desemba 2016 mtu mwenye bunduki aliingia katika mgahawa wa pizza Washington akitafuta watoto waliodaiwa kufungiwa katika chumba cha chini ya ardhi. Jengo halikuwa na chumba hicho. Waliolitaja dai lile mtandaoni walikuwa wamelitaja jina la mgahawa kwa wiki kadhaa.

Ukikanusha kwenye kundi la familia, anza na ukweli, si uongo. Andika kilicho kweli, taja mara moja tu kwamba kuna dai potofu, eleza mbinu iliyotumika kudanganya, malizia kwa kuurudia ukweli. Usiandike kichwa kinachorudia uongo wenyewe.

Kwa ndugu aliyekwisha zama, fanya faraghani. Mkubwa akisahihishwa mbele ya watoto wake hasikii hoja, anasikia aibu. Mwandikie: "Mjomba, nimeiona ile uliyotuma. Ni kipi humo kilichokugusa zaidi?" Halafu msikilize kweli, maana chini ya dai kuna jambo analoliogopa, na mara nyingi lina msingi. Jibu dai lake yeye, si nadharia kwa jumla. Utafiti uliochapishwa Science mwaka 2024 uliwapa watu zaidi ya 2,000 nafasi ya kujadili nadharia waliyoiamini na programu ya akili bandia iliyojibu ushahidi walioutaja wao wenyewe. Imani ilipungua kwa wastani wa takribani asilimia 20, na miezi miwili baadaye ilikuwa bado imepungua. Kwa hiyo usikubali wanaosema watu hawa hawabadiliki. Wanahitaji jibu lililolengwa kwao, na mtu mwenye subira ya kulitafuta.

Usimpe viungo kumi. Mpe kimoja, na umwachie siku. Akikutumia kingine kesho yake, mwombe mkifungue pamoja, na mwanzie kwenye anwani.